Nafasi Niliyoirudisha

Alhamisi, Julai. Machakos.

Leo jua halikutoka kabisa. Ukungu ulishuka kutoka vilima vya Iveti asubuhi ukakaa juu ya mji, na saa nane mchana manyunyu yakaanza. Nimevaa sweta mbili. Vidole bado ni baridi ninapoandika haya. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni, nimekaa kitandani, simu nimeilaza kifudifudi ili nisiione ikiwaka.

Naogopa. Nianze hapo, kwa sababu kila kitu kingine leo kimeanzia hapo.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni karani wa rekodi katika hospitali moja ndogo. Kazi yangu ni ya dirishani. Mgonjwa anakuja, nachukua jina, natafuta faili yake, naipeleka chumba anachokwenda. Kabla ya dirisha hili nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa pili. Kwenye karatasi bado ni mwanafunzi wa udaktari. Chuo kilinipa mwaka mmoja wa kuahirisha masomo, na mwaka huo unaisha kesho saa kumi na moja jioni. Kufikia saa hiyo ni lazima niwe nimewaandikia kama ninarudi au ninaiachia nafasi.

Na kwenye droo ya dirisha langu, chini ya kitabu cha wagonjwa wa nje, kuna barua nyingine. Hiyo inaniita Septemba kusomea diploma, niwe afisa wa kliniki. Ni wale wanaokaa vyumbani kutwa nzima wakipima watu, wakiandika dawa, wakishona majeraha, na ambao wagonjwa wote huwaita daktari tu. Niliomba nafasi hiyo Machi. Sikumwambia mtu.

Sasa niseme kwa nini niliahirisha. Sijawahi kuliandika popote.

Mtihani wa maandishi niliufanya vizuri. Wa mdomo ulikuwa mbele ya watahini watatu. Mezani palikuwa na mkono wa mtu uliohifadhiwa kwa dawa, na yule wa katikati akaelekeza kalamu kwenye neva moja, akaniuliza jina lake. Nililijua. Niliweza hata kuliona kwenye daftari langu, ukurasa wa kushoto, kwa wino wa kijani. Mdomo haukufunguka. Wakasubiri. Mmoja akainuka akaniletea maji. Nikayanywa yote, nikaweka glasi chini, na bado mdomo haukufunguka.

Nikatoka nikaomba kuahirisha siku hiyo hiyo.

Baba nilimwambia ni damu. Kwamba damu yangu imepungua na chuo kimeniambia nipumzike mwaka mmoja. Nilidhani ni uongo wa wiki mbili tu, mpaka nitakapopata maneno mazuri zaidi.

Baba anakaa Mwala na mbuzi wake. Mama alitutoka nikiwa darasa la sita, kwa hiyo tuko wawili. Tangu nimwambie habari ya damu, hajaacha kunitumia mboga za terere, eti zinaongeza damu. Akichinja, maini ni yangu, yanafika mjini ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, yamefungwa kwa kitambaa. Nikienda nyumbani, kabla hatujasalimiana sawasawa, ananisimamisha mlangoni penye mwanga, anavuta kope la chini la jicho langu kwa kidole gumba, kama alivyomwona nesi mmoja akifanya, anachungulia.

"Imeanza kurudi, mwaitu," anasema.

Mwaka mzima.

Mwaitu maana yake mama yangu. Nimepewa jina la mama yake, Ndunge, na kwetu baba humwita binti kama huyo mwaitu. Wengine huliita tu jina hilo, limezoeleka. Baba yangu haliiti tu, analimaanisha: mama hakataliwi. Hajawahi kuninyima kitu nilichoomba kwa dhati, hajawahi kunipandishia sauti. Nikiwa na miaka tisa nilikataa kwenda kwa shangazi wakati wa likizo, akafungua mzigo akarudisha nguo zangu kabatini bila neno. Watu hunionea wivu. Mimi nimeogopa jambo hilo mwaka mzima: kwamba nitamwambia naacha udaktari, naye atasema sawa. Sokoni wanamwita Baba Daktari. Atarudi sokoni na sawa yake, awaeleze peke yake.

Sasa ya leo.

Mimi ni mtu anayerudi mara tatu kuangalia kama mlango nimefunga. Faili naisoma jina, naisoma namba, naisoma mahali mtu anapotoka. Leo asubuhi nilisoma jina peke yake. Kichwa changu kilikuwa kwenye droo.

Kati ya wagonjwa wetu, akina mama wazee wawili wanaitwa Wayua Mutisya. Nilitoa faili ya mmoja, nikaipeleka chumba namba nne, kwa Bwana Kimeu, afisa wa kliniki. Chumba hicho kinatazamana na dirisha langu, na mlango wake haufungi vizuri, kwa hiyo nimemsikiliza mwaka mzima. Kila mgonjwa, hata yule aliyemwona jana, anamuuliza: unaitwa nani, wa kwa nani, umetoka wapi. Halafu ndipo anauliza kinachouma. Mwanzoni nilidhani ni mazungumzo tu.

Baada ya dakika tano akaja dirishani na faili mkononi.

"Ndunge, Wayua wa faili hii ametoka Masii na ana sukari. Wayua aliye kwenye kiti changu ametoka Kathiani, ana kifua. Niletee faili yake."

Nikaipata. Juu yake, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa Aprili, imeandikwa: ASIPEWE PENISILINI.

Bwana Kimeu akaisoma. Akaniangalia. Akasema, "Haya," akarudi chumbani.

Hakunigombeza. Niliendelea kuandika majina ya foleni na sikumbuki hata moja.

Yule susu, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu, alipotoka na kukaa kwenye benchi kusubiri dawa, nilifanya jambo ambalo sijawahi kufanya. Niliweka kile kibao cha "Narudi" dirishani, saa nne na nusu, foleni ikiwa imefika mlangoni.

"Sasa huyu naye anaenda chai saa hii?" mtu akasema.

"Hata hajaona haya," akajibu mwingine. "Si angalau angejifanya anaumwa."

Nikakaa karibu na susu. Nikamwambia ni mimi niliyechukua faili ya mtu mwingine nikaipeleka kwa daktari, na kama asingeulizwa anakotoka, angeandikiwa dawa inayomdhuru. Nikamwomba msamaha.

Akafikiri. "Faili ya yule Wayua wa Masii?"

"Ndiyo, susu."

"Yule mnene?"

"Sijui, susu."

"Ni mnene. Tulikaa naye hapa mwezi jana, alichukua benchi yote." Akanishika kidevu akageuza uso wangu. "Niangalie vizuri. Usinichanganye na yule tena."

Halafu akaniuliza hiyo dawa inayomkataa inaitwaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia jina, alikuwa anajua tu kwamba kuna sindano moja ilimvimbisha uso. Nikamwambia. Akarudia, akakosea. Nikamwambia tena polepole. Tulikaa hapo mpaka akaweza kulitamka bila mimi, na nikamwambia popote atakapokwenda, kabla ya sindano yoyote, aliseme kwanza. Akaondoka analisema peke yake kwenye korido.

Foleni haikunisamehe mpaka mchana.

Wagonjwa walipopungua nilienda chumba namba nne kuomba radhi. Bwana Kimeu alikuwa anakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye bakuli la plastiki. Nilisema niliyopanga kusema, halafu nikasema ambayo sikupanga: habari ya barua mbili. Nikasema, na hapa naandika maneno yangu kama yalivyotoka, kwamba labda kozi yake inamfaa mtu mwoga kama mimi.

Aliweka kijiko chini.

"Nani alikudanganya hii ni kazi ya waoga? Kule kwa madaktari kuna daktari juu ya daktari, ukikwama unainua simu. Mimi nimekaa zahanati miaka sita, mimi na nesi mmoja na taa ya sola. Mama anatoka damu, gari liko saa mbili mbali. Hapo nitamwinulia nani simu?"

Nilisema sikumaanisha hivyo.

"Ulimaanisha. Sikiza Ndunge, kama unatafuta mahali pa kujificha, nunua kabati. Huku usije."

Kisha akasukuma bakuli upande wangu, akasema muthokoi umebaki mwingi, nile. Nikala kwa kijiko chake nikiwa nimesimama, machozi yakiwa karibu.

Lakini swali limenikaa tangu saa saba. Je, nimechagua, au nimejificha? Ninapenda kile chumba. Napenda yale maswali matatu kabla ya maumivu. Napenda kwamba mtu anakaa kwenye kiti kilicho sawa na chako. Hayo ni ya kweli. Na ni kweli pia kwamba nikiwaza meza ile yenye watahini watatu nataka kukimbia. Mambo haya mawili yameingia ndani yangu pamoja, na sijui kuyatenganisha.

Saa kumi nikampigia Baba.

Alikuwa kwenye bwawa la mchanga kule mtoni ananywesha mbuzi. Nilisikia kengele zao. Akauliza kama terere imefika, nikasema imefika. Akauliza kama nimekula, nikasema nimekula. Kisha nikasema, "Baba, damu yangu haijawahi kupungua," na nikaendelea bila kupumua mpaka mwisho: mtihani, maji, uongo, barua ya pili.

Kengele zilisikika muda mrefu.

"Kwa hiyo damu ilikuwa sawa," akasema.

"Ilikuwa sawa, Baba."

"Na yale maini yote?"

"Nilikula, Baba. Yote."

Halafu akasema kile nilichokuwa nakiogopa, kwa sauti ile ile ya siku zote: "Wewe ni mwaitu. Mimi nitasema nini?"

Sijui nilipata wapi haya maneno. Nilimwambia, "Baba, leo usiniite mwaitu. Leo niite mtoto wako. Kama ni kukataa, kataa. Kama ni kunigombeza, nigombeze."

Nikasikia akiweka ndoo chini.

"Ndunge."

Hajawahi kuniita hivyo. Miaka ishirini na tatu, ni mara ya kwanza kusikia jina langu kwa sauti yake. Lilikuwa kama la mtu mwingine.

"Ndunge. Unakimbia huko, au unapenda huku?"

"Yote mawili, Baba."

"Yote mawili," akarudia. Nikamsikia akimfukuza mbuzi. "Kuhusu udaktari sina neno. Hiyo kazi utaifanya wewe, si mimi. Hata hilo jina la Baba Daktari wakilibadilisha, nitazoea. Lakini kuhusu damu nina neno. Nimekuwa nikiamka usiku kukuombea damu. Neno hilo silisemi kwa simu. Kuja Jumapili."

"Ndiyo, Baba."

"Na usije na zawadi."

Akakata.

Nilikaa kwenye stoo ya faili kidogo. Halafu nikaandika barua ya kuiachia nafasi ya udaktari. Ni mistari minne. Nilikuwa na muda mpaka kesho, lakini najijua: kesho ningeisoma mara arobaini. Niliisoma mara moja, nikaituma saa kumi na moja na dakika chache. Nilitegemea kuhisi wepesi. Nimehisi kama mtu aliyeshuka kituo ambacho si chake, na gari limeshaondoka.

Labda Bwana Kimeu amesema kweli, labda hili ni kabati tu lenye koti jeupe. Labda baada ya miaka kumi nitakuwa zahanati fulani na taa ya sola, mama anatoka damu mbele yangu, na mdomo wangu utajifunga kama ulivyojifunga siku ile. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko jina la udaktari nililolipoteza. Hakuna barua ya kuahirisha kule.

Nimejaribu kulitazama jambo moja dogo bila kulitia chumvi. Leo asubuhi nilikuwa na hofu kubwa kuliko siku ya mtihani, na nilikuwa na kosa langu mkononi kwa wino mwekundu. Nikakaa kwenye benchi, na jina la dawa likatoka. Likatoka mara saba, nane, mpaka mtu mwingine akalijua. Sijui kama hilo linathibitisha chochote. Naliandika ili nisije nikasema halikutokea.

Simu imetetemeka sasa hivi, nimeigeuza. Ni Baba. Ameandika neno moja tu, Jumapili, kana kwamba ningeweza kusahau.

Nitaenda. Atanisimamisha mlangoni penye mwanga, na safari hii hatavuta kope. Ataniuliza kwa nini, ana kwa ana, mtahini mmoja tu, na hatakuwa na glasi ya maji. Sijui nitakachosema. Lakini nafasi ile nimeirudisha kwa mistari minne, na mistari minne haimtoshi mtu aliyeamka mwaka mzima kuniombea damu.

Mdomo wangu, tafadhali. Jumapili ufunguke.