Mama Mkwe Ndiye Mkuu Wangu wa Wodi

Shangazi mpendwa, nisikilize kabla sijapasuka, mimi ni mkunga na mkuu wa wodi yetu ya wazazi ni mama mkwe wangu, nampenda kweli, ndiye aliyenifundisha kazi kabla hata mwanawe hajaniona, sasa juzi nilienda semina tukafundishwa kupima kwa mizani damu anayopoteza mama akishajifungua badala ya kukadiria kwa macho, nikarudi na hamu yote, mama mkwe akacheka mbele ya wenzangu, "Mwanangu, macho haya yamezalisha watu kabla hujaota meno. Cheti cha semina umepata, leseni utahuisha nacho, sasa tufanye kazi," nikanywea, na wiki iliyofuata mzazi mmoja akawa analowa damu taratibu, mama akasema ni damu ya kawaida, nikaona imezidi lakini adabu ikanifunga mdomo, hadi yule mzazi akaanza kuweweseka, mikono baridi, tukakimbizana naye chumba cha upasuaji, namshukuru Mungu alipona, ila tangu hapo mama hali chakula, haongei, na mume wangu ananiambia, "Usimguse mama kwa hilo, utaniharibia nyumba," je, ninyamaze tena?

Mkunga njia panda

Pole, mwanangu. Na pole kwa mama mkwe wako, angekuwa hajali angekula akashiba.

Ila kwenye adabu nitakukwaruza kidogo. Mzazi anavuja damu, unasema, tena kwa sauti: "Mama, naomba tupime." Hapo tusi liko wapi? Na semina nayo hukuileta wodini, uliitangaza tu, ukangoja makofi.

Kaa na mama mkiwa wawili. Cheti kiache kabatini. Mwambie, "Niliogopa nikanyamaza. Tufanyeje isitokee tena?" Kisha funga mdomo, umsikilize. Mwombe kikao cha mafunzo kijacho cha wodi kimzungumzie yule mzazi, bila kumsaka mchawi. Mkubaliane damu ya kila mzazi ikadiriwe kwa macho, halafu ipimwe, na matokeo myatazame pamoja, wakubwa kwa wadogo. Mama aongoze yeye. Uzoefu wake mnauhitaji. Akikataa, nenda kwa daktari wa wodi, lakini mama ajue kabla hujaenda.

Mumeo mwambie kwa upole kwamba mama yake anaumia peke yake, na kumkwepa kimyakimya si kumlinda.

Kesho mna zamu pamoja? Basi zungumza naye leo.