Wasichana Watatu wa Fizikia

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kitale hatujambo, na babu yako anakusalimu. Unauliza kama uchague fizikia, maana shuleni kwenu huko Sydney mko wasichana watatu tu mnaoitaka.

Nasi tulikuwa watatu. Shule yetu ya masista haikuwa na idara ya fizikia, na bila somo hilo nisingepokelewa chuo cha uuguzi. Tulimwendea Sista, mwalimu wetu mkuu.

“Sina mwalimu,” akasema.

“Basi turuhusu tukasome katika shule ya wavulana iliyo jirani,” nikamjibu.

Alitupeleka mwenyewe kila Jumamosi, akakaa nyuma ya darasa akiandika kama sisi. Tulifaulu wote. Mwaka uliofuata idara ikafunguliwa, na aliyefundisha alikuwa Sista. Najivunia hilo kuliko cheti changu.

Nyanya yako anayekupenda