Kisiwa Walikomwacha Ishengoma

Kamachumu, Jumatano. Mvua.

Imenyesha tangu alfajiri, ile mvua yetu ya huku juu isiyo na radi wala haraka. Migomba ya Mama imeinama yote upande mmoja. Tangu turudi kutoka kisiwani nimefungua kompyuta mara kadhaa nikaifunga bila kuandika neno.

Leo lazima niandike. Kesho nitatakiwa kusema mbele ya watu, nami huwa sijui ninachofikiri mpaka nikione kimeandikwa.

Kisiwa chenyewe sitakitaja jina, maana shauri liko polisi. Niseme tu kwamba kiko upande wetu wa Muleba, na wavuvi wanaokaa huko wengi wametoka mbali: Ukerewe, Mara, wengine Uganda. Kwetu nyumbani hakikuitwa hata hilo jina lake la kwenye ramani. Tata, ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita baba, alikiita "kwa Ishengoma".

Ishengoma alikuwa babu yake Tata. Enzi za utawala wa Mukama, mfalme wetu wa jadi, alishtakiwa kwamba ameiba ng'ombe wa ikulu. Labda alisingiziwa, labda aliiba kweli, hakuna anayejua. Walimfunga mikono, wakampakia kwenye mtumbwi, wakaenda kumtupa juu ya mwamba wa kisiwa kile na wengine wa aina yake, bila chakula. Hakuna aliyerudi kuangalia. Mimi ni mwalimu wa historia. Kila mwaka nikifika kwenye tawala za jadi, nasimulia habari hii darasani kwa sauti ile ile ninayosimulia biashara ya chumvi.

Tata alifariki baada ya Pasaka. Kabla hajaondoka aliomba jambo moja, kwamba mmoja wetu aende kule akamwombee Ishengoma, kwa kuwa hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kukanyaga pale. Kaka yangu Elisha akasema atakwenda. Mimi nikasema sitamwacha aende peke yake.

Elisha ni mwinjilisti wa mtaa wetu. Lazima nimweleze vizuri, maana wanaomsikia sasa hivi wanamsikia vibaya. Krismasi kuku wetu huchinjwa na jirani, kwa sababu Elisha hawezi. Tulipokuwa wadogo wenzake walimpiga njiani kutoka shule, naye aliinama, akangoja wachoke, akaokota madaftari yake. Watu wakigombana kwa sababu ya mpaka wa kibanja, shamba la migomba, humwita yeye, si mwenyekiti. Hajawahi kunipandishia sauti, na mimi ni dada wa kupandishiwa sauti.

Tulivuka Jumamosi. Ziwa lilikuwa limechafuka, na nahodha alituambia tukae chini kabisa tusishike kingo. Kisiwa kilitokea kwenye ukungu ghafla. Upande wa magharibi ni genge tupu, jiwe jeusi lililopasuka kutoka juu mpaka majini, limechirizwa weupe na kinyesi cha ndege. Mawimbi yanajitupa pale kwa nguvu hata mbao za mtumbwi zinatetemeka ukiwa bado mbali. Nilimtazama Elisha. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

Nilifikiri: walimleta hapa hapa. Aliona jiwe hili hili.

Upande wa pili kuna mwalo wa kuegesha mitumbwi, mabanda ya mabati, na dagaa walioanikwa juu ya miamba kila unapoweka macho. Tulipokelewa na Mama Sikujua, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Ukerewe, rafiki wa zamani wa Mama. Alitupa chai, kisha akatuambia tupande haraka, tuombe, tushuke. Usiku uliopita mtu ameiba injini ya mtumbwi, na wanaume wanakunywa tangu asubuhi. Hakuipenda ile hali.

Mwenye injini tulikutana naye pale pale mwaloni. Anaitwa Godwin, mtu wa Buganguzi, siyo mbali na kwetu. Alimsalimu Elisha kwa Kihaya, kwa mikono miwili, akauliza habari za Mama na kutoa pole za msiba. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Mwinjilisti, utuombee na sisi."

Elisha akamwahidi.

Njia ya kupanda ni ya kukwaruza magoti. Nyasi zake zinakata kama wembe, na juu upepo unakusukuma kuelekea kwenye genge kama mtu mwenye nia. Pango liko karibu na ukingo. Si kubwa, unaingia umeinama. Nilitegemea giza na popo. Sikutegemea kwamba mifupa ingekuwa pale mbele kabisa, mlangoni, kwenye mwanga, kana kwamba wenyewe walijikusanya hapo kutazama ng'ambo. Kulikuwa na fuvu lililopasuka upande. Lilikuwa limepigwa. Hata mimi nisiye daktari niliona.

Kwa hiyo hawakuwaacha wote wafe kwa njaa. Hilo halimo kwenye kitabu ninachofundishia.

Elisha alivua kofia. Hatukujua yupi ni wetu, basi aliwaombea wote. Tulikuwa tumeanza kuimba wimbo aliokuwa akiupenda Tata, nikasikia kelele chini. Nilidhani ni ndege. Kisha kelele zikapata maneno.

Mtu alikuwa anapanda mbio. Kijana mwembamba, kifua wazi, damu imeshuka kutoka kichwani mpaka kiunoni. Jina lake nililijua baadaye: Masatu, mvuvi kutoka Ukerewe. Nyuma yake walikuja wanaume wengi, na mawe yaliwatangulia. Nilisikia jiwe moja likimpata mgongoni. Sauti yake ni kama ya kupiga godoro. Alianguka mbele ya pango, akajaribu kutambaa aingie, akatukazia macho mimi na kaka yangu. Walimfikia.

Sitaandika yote. Walimkanyaga. Mmoja alimpiga mguuni kwa kasia mpaka mguu ukapinda mahali pasipo na goti, kisha akalitupa lile kasia ili apate mikono ya kushika jiwe. Wengine walimvuta kuelekea ukingoni. Walikuwa wanabishana, wengine wanataka atupwe, wengine wanataka kwanza aseme injini iko wapi. Hawezi kusema huku anapigwa mdomoni. Hakuna aliyeliona hilo.

Elisha alitoka. Alisema, si kwa kupaza sauti, "Mwacheni, jamani. Mwacheni." Jiwe likampata begani. Akasema tena. Hawakuwa wanamsikia, walikuwa wamefika mahali ambapo sauti haifiki.

Ndipo nikamwona Godwin. Alikuwa amenyanyua jiwe kubwa kwa mikono miwili, mikono ile ile, juu ya kichwa cha Masatu aliyekuwa kifudifudi.

Elisha aliokota kasia.

Pigo la kwanza lilimpata Godwin shingoni, chini ya sikio. Jiwe likamtoka, likabingirika mpaka ukingoni, likapotea, na baada ya muda tukalisikia majini. Godwin alianguka chali. Wale wengine wakarudi nyuma wote pamoja, kama watu walioamshwa. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Masatu alikuwa hai.

Godwin aliinua mkono kufunika uso.

Elisha akampiga tena. Alilipandisha kasia mpaka nyuma ya mgongo wake na kulishusha kwa uzito wote wa mwili, na lilipitia kwenye ule mkono, likaenda usoni. Nilisikia taya. Kisha akasimama pale na kasia, anahema, na uso wake sijawahi kuuona. Sijui ulikuwa wa nani.

Upepo tu.

Tuliwashusha wote wawili kwa mikono. Wanaume wale wale waliokuwa wanarusha mawe ndio waliosaidia kuwabeba, wakiambiana mahali pa kuweka mguu. Mtumbwi wenye injini uliopatikana ulikuwa mmoja, basi Masatu na Godwin walilazwa sambamba, mabega yao yanagusana, na maji yaliyokuwa yanaingia yaliwaosha damu na kuichanganya miguuni kwetu. Elisha aliyachota na kuyamwaga nje njia nzima. Mama Sikujua alikishika kichwa cha Masatu mapajani. Cha Godwin nilikishika mimi. Alikuwa anataka kusema kitu na taya halikubali.

Ng'ambo polisi walikuwa wamekwisha kupigiwa simu. Majeruhi wote wakapelekwa Bukoba. Elisha aliulizwa kama amempiga Godwin, akasema ndiyo. Hakuulizwa mara ngapi. Alipata dhamana, akaambiwa arudi Alhamisi, yaani kesho, na shahidi.

Shahidi ni mimi. Wale wa kisiwani wote wanasema hawakuona kitu, kwa sababu kila aliyeona alikuwa na jiwe mkononi. Masatu alikuwa amelala kifudifudi. Mguu wake watauunga, wanasema atatembea. Injini haijapatikana. Sijui kama ni yeye aliyeiba.

Njiani kupanda Kamachumu nilimuuliza Elisha kwa nini alipiga mara ya pili. Akasema hajui.

Halafu akasema, "Kemi, mimi sitakuomba kitu."

Hajaniomba. Ameshinda kibanjani siku zote hizi, anapogoa migomba isiyohitaji kupogolewa. Jumapili hakwenda kanisani. Mama anawaambia wanaokuja kwamba mwanawe ameokoa mtu, na ni kweli, na kila akilisema mimi nainuka kwenda jikoni.

Leo asubuhi alikuja mke wa Godwin.

Alikuja kwa miguu, amejifunika khanga juu ya mwavuli uliovunjika. Mama alipomtambua alishika fremu ya mlango. Nilidhani tutatukanwa, na nilikuwa tayari, hata ningefurahi. Hakutukana. Alikaa pale alipoonyeshwa, akapokea kikombe, akakiweka chini bila kunywa. Alisema jicho la kushoto la mumewe daktari amelikatia tamaa, na taya limefungwa nyaya, hawezi kusema, na kuandika hataki. Akasema wenzake wa kisiwani wamempigia simu kumsifia mumewe kwamba si mwoga, alibeba jiwe kubwa kuliko wote. Alivyolitamka lile neno "kubwa", nilijua hakuja kumtetea mtu.

Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, alipopigwa alikuwa amesimama au alikuwa chini?"

Mama alinitazama. Mvua ilikuwa inapiga bati, na nilitamani ipige zaidi.

Nikasema, "Mara ya kwanza alikuwa amesimama."

"Na mara ya pili?"

"Alikuwa chini. Alikuwa amefunika uso."

Mama alikaa. Mpaka dakika ile hakujua kwamba kulikuwa na mara ya pili. Mke wa Godwin alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyepewa kitu alichokifuata. Akasema mkono wa mumewe una mfupa uliovunjika hapa, akajionyesha kwenye kiganja chake mwenyewe, na tangu Jumamosi alikuwa anajiuliza mtu anavunjikaje hapo. Akanishukuru. Alinishukuru kweli, bila kejeli.

Wakati anainuka, Elisha akaingia kwa mlango wa nyuma, ameloa, panga mkononi, hajui kuna mgeni. Mke wa Godwin, kwa mazoea, alipiga goti kidogo na kunyoosha mkono kumsalimu mwinjilisti. Mkono ukafika nusu ya njia. Ukasimama hapo. Wote tuliutazama. Kisha akaurudisha taratibu ndani ya khanga, akapita pembeni yake, akatoka mvuani.

Elisha aliliweka panga sakafuni. Akaniuliza kama nimemwambia. Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri," na sauti yake ilikuwa ya Elisha ninayemjua, ya kwanza tangu Jumamosi. Kisha akaketi karibu na Mama, na Mama, baada ya muda mrefu, akamfuta maji kichwani kwa pindo la kitenge chake bila kumtazama.

Kesho asubuhi tunashuka Muleba, mimi na yeye, gari moja. Nitasema pigo la kwanza lilimwokoa mtu. Nitasema la pili halikumwokoa yeyote. Nitayasema nikiwa nimesimama mbele yake.

Hilo nimelimaliza. Limebaki moja, ambalo hakuna polisi atakayeniuliza. Pigo la pili lilipotua, nikasikia taya likivunjika, mimi Kemilembe, mwalimu, mtoto wa nyumba hii, sikutaka Elisha aache. Nilikuwa nimesimama na mifupa ya ukoo wangu miguuni, na nilitaka la tatu. Nililitaka kwa mwili mzima.

Hakulipiga. Yeye aliliacha kasia lianguke. Mimi bado nimelishika.