Sauti Ndani ya Bomba

Kwako dada yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Siku zote huandika kwamba natumaini barua itakukuta mzima wa afya, lakini safari hii nitaridhika hata ikikukuta tu. Sisi hatujambo. Mgongo wangu unalalamika kwa sababu ya meza ya pasi, ila ulianza kulalamika kabla hujaondoka, kwa hiyo hiyo si habari. Watoto wanakua. Binti yako, ambaye sasa tunamwita Hakimu, anatuhukumu sote humu ndani, na mdogo wake, Meneja, anatoa amri huku kamasi zikimtoka.

Simu yako haipatikani tangu ulipotuma ule ujumbe kwamba unahamia kwa tajiri mwingine. Nilikwenda kwa wakala aliyekupeleka huko ng'ambo kufanya kazi, nikakuta ofisi yake sasa inauza magodoro. Muuzaji alinieleza kwa upole kwamba hamjui mtu huyo, kisha akanionyesha godoro. Basi nakuandikia kwa anwani ya yule tajiri wako wa kwanza, maana sina nyingine.

Nataka kukusimulia matembezi yetu ya Jumamosi. Sare za wafanyakazi wa makumbusho ya watoto hufuliwa kwetu, na msimamizi wao, mama mmoja mcheshi, aliniambia nikiwaleta watoto tutaingia bure. Mimi nilidhani makumbusho ni mahali pa kutazama vitu vya marehemu kwa heshima. Kumbe humo kila ukuta umeandikwa GUSA. Kuna mabeseni marefu ya maji na vinu vya kuzungusha, kuna duka la kuchezea la mbao lenye mizani ya kweli, na watoto wanapiga kelele bila mtu kuwakemea.

Sasa Meneja, kama unavyojua, amelelewa kando ya pasi zangu za moto, na neno la kwanza alilolielewa maishani ni usiguse. Alisimama mlangoni mikono nyuma, akikagua kama mtu aliyekuja kununua jengo. Msimamizi alimbembeleza, akamwambia humu ruksa kushika kila kitu. Yeye akanigeukia mimi kuuliza kama ni kweli. Nilipomwambia ndiyo, alianza kwa kidole kimoja, akaishia kulowa mpaka chupi. Dada, nilicheka hadi nikasahau yaliyonileta duniani.

Kuna bomba moja pale limepita ukutani, linaanzia karibu na mlango na kutokea nyuma ya lile duka la mbao, mwisho kabisa wa chumba. Ukinong'ona upande huu, mwenzako anakusikia upande ule bila kukuona. Hakimu alimpeleka mdogo wake dukani, mimi nikabaki mlangoni. Nikamwita Meneja kwa jina lake. Mara nikamsikia akiita mama kwa furaha ya kupasua sikio. Mimi yeye huniita mama mdogo, siku zote, wala hakosei. Lakini kwake yeye sauti isiyo na mtu ni yako.

Hapa inabidi nikueleze kitu. Simu yako ilipozimika, mwanao aligoma kula, akawa analia mpaka anatapika. Nikanunua laini nyingine, nikaiandika kwa jina lako kwenye simu yangu. Kila Jumapili jioni nawaachia simu hiyo, naaga kwamba nakwenda kwa jirani mshonaji, naitia ile laini kwenye simu yake, halafu napiga. Unajua sauti zetu. Hata marehemu mama alikuwa akituchanganya. Nawauliza kama wamekula, nawaambia kazi ni nyingi na mtandao ni mbaya. Hakimu ndiye hupokea. Hunieleza ya shuleni, hucheka panapohitaji kuchekwa, ndipo humpa mdogo wake. Nami nilijiona mjanja kweli.

Basi pale kwenye bomba Meneja akaniuliza narudi lini. Nikamjibu kama kawaida, kwamba nikimaliza kazi. Akaridhika, akakimbilia maji. Nilikuwa nataka kuinuka niliposikia sauti ya Hakimu, chini chini. Aliniita mama mdogo. Akaniomba kesho nisipige simu. Alisema amechoka kujibu.

Nilibaki nimeinama, sikio kwenye bomba, watoto wa watu wamepanga foleni nyuma yangu. Alipokuja hakuligusia tena, aliniomba tu taulo la mdogo wake. Ana miaka tisa, dada. Muda wote huo nikidhani nawalea, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitubeba wote wawili.

Jumapili sikupiga. Meneja aliipakata ile simu mpaka usingizi ukamchukua, na Hakimu akaosha vyombo, akarudia kuviosha. Mimi nilijifanya napiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshanyooka. Wewe sikulaumu. Sijui kilichokupata, na ninachokiwaza sithubutu kukiandika hapa. Naumia, na sioni tena cha kufanya, ndiyo maana nimeshika kalamu. Jibu silitegemei.

Mshonaji anakusalimu, ingawa anaulizia laini yangu itatoka lini kwenye simu yake. Meneja anakusalimu sana, anasema ukija atakupeleka kwenye ile nyumba unayoruhusiwa kugusa kila kitu. Hakimu naye nilimwambia nakuandikia barua, nikamuuliza kama ana salamu. Akaniuliza kama na jibu nitaliandika mimi.

Mimi mdogo wako,
Mama Mdogo