Mgomba Wenye Nyuzi

Nyanga, Bukoba

Tata,

Shikamoo. Natumaini huko kisiwani Goziba dagaa wanapatikana na kikohozi kimekuacha. Huku kahawa zimeiva, na Mama Evodia mwenye nyumba bado ananilisha ndizi kama mgeni.

Kozi ya utabibu ni ngumu. Mtihani wa kushona kidonda nilifeli, mikono ilitetemeka mbele ya mkufunzi. Nilifungasha nguo nirudi nyumbani Kishanda. Kisha nikazifungua.

Sasa kila jioni nachana migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, halafu naishona. Mwanzoni Mama Evodia alifoka: "We Kokubanza, migomba yangu inaumwa nini?" Siku hizi anamenya ndizi karibu yangu, tunapiga soga, moyo unatulia. Kibarua akija na panga anamwambia, "Huo uache, daktari hajamaliza."

Jana, akimenya ndizi, kisu kilimchana Mama Evodia kiganja. Zahanatini tabibu aliposhika sindano, Mama Evodia alimkatalia: "Ashone huyu." Tabibu akanisimamia, nikashona. Mkono uliotetemeka ulikuwa wa Mama Evodia, si wangu.

Jumatatu narudia mtihani. Pole usinitumie, Tata. Nitumie sangara, tutasherehekea.

Binti yako,
Kokubanza