Gari Langu Limewaka Lenyewe

Gisenyi, Jumamosi, Julai 1999

Vumbi tangu asubuhi, mlima Nyiragongo hauonekani, na mimi nina wivu. Nauandika mapema usije ukajificha katikati ya maneno mazuri.

Wivu wenyewe una milango minne, rangi ya fedha, na usukani upande wa kulia. Ni kigari cha Faustin, jirani yangu hapa Mbugangari, kilichotoka Dubai mwezi jana. Anageuza ufunguo, kinakoroma kama paka aliyeshiba. Mlango wake unafungwa kwa kidole.

Wa kwangu unafungwa kwa nyonga.

Langu watu huliita Kobe: la mviringo, injini nyuma, umri wetu haupishani sana, na kama mimi, asubuhi haliamki bila kusukumwa. Mabibi arusi wote wa mtaa huu limewabeba lenyewe. Ndugu za bwana arusi hulisukuma, na suti zao na viatu vipya, huku mashangazi wa bibi arusi wakiwazomea: "Sukumeni, bashemeji! Mulifikiri bibi ni ya bure?" Mwishowe imekuwa desturi. Kwetu shemeji ambaye hajasukuma bado ni mgeni tu.

Kigari cha Faustin kilipofika, nikajua zamu yetu imekwisha, mimi na Kobe. Na harusi ya leo ilikuwa ya Josée, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mwenyewe. Gari la jirani limbebe, nami nifuate nyuma nikila vumbi?

Siku ya Jumanne Josée akaja kwa mjomba wake. "Tonton, mi nataka kwenda na yako."

Hapo mtu mwenye akili angeshukuru akanyamaza. Mimi wivu ukanipeleka kwa fundi. Nikamwambia aniwekee betri mpya na starta mpya, kimyakimya. Nilitaka Faustin alisikie likiwaka.

Alilisikia. Wote walilisikia.

Josée amekaa nyuma na gauni lake, mashemeji wamevua makoti, mashangazi wamevuta pumzi tayari kuanza. Nikageuza ufunguo. Likawaka papo hapo.

"Ee, na sasa?" akauliza shangazi mmoja. Mashemeji wakatazamana kama wageni walioambiwa chakula kimekwisha. Kwenye kioo nikamwona Josée, midomo imemshuka kama alivyokuwa mdogo akinyimwa kitu. Ndipo nikaelewa kwa nini siku ile ya Jumanne alikuja kwangu.

Nikazima.

"Limekufa," nikasema, na uso wa mfiwa.

Lo, vigelegele! Walilisukuma hadi barabara ya lami, mmoja akaacha kiatu njiani, Josée akicheka mpaka shela ikamwanguka. Ile starta sikuigusa.

Kwenye karamu Faustin akanisogelea na chupa yake. "Muzee, yako iliwaka. Mi nilisikia."

"Ulisikia vibaya."

"Bon. Lakini voiture yangu, hakuna mutu ataisukuma hata siku moja." Akacheka, ila si sana.

Kumbe naye!

Ningependa kuandika kwamba moyo umetulia. Wapi. Tulipoachana akafunga mlango wake kwa kidole, taratibu, nami bado nikiupiga wangu nyonga.

Sasa nimekaa na nyonga inayouma, najiuliza: nimrudie fundi aitoe starta yake, au nizeeke nikiwadanganya mashemeji wa watu, harusi baada ya harusi?