Mwanafunzi Kaninakili Mimi Mwenyewe

Mpendwa Mama Mdogo Út, naomba unisaidie katika safu yako kabla ya Jumatatu maana hata supu ya asubuhi naiacha bakulini, mimi ni mwalimu wa chuo hapa Cần Thơ, nafundisha maisha ya watu wa delta, huku bahari inakoingia mashambani, na kila muhula nawapa wanafunzi swali nililolirithi kwa mwalimu aliyestaafu, "Eleza athari za maji ya chumvi kwa wakulima wa mpunga," na kila muhula wananiletea kazi za kunakili, nami nakata alama, nafoka, wapi, muhula unaofuata ni yale yale. Safari hii binti mmoja mpole wa Sóc Trăng, Nhiên, kaleta kazi nzuri mpaka nikajivunia, kumbe nafika ukurasa wa pili naona ni makala yangu mwenyewe kutoka jarida la chuo, neno kwa neno, na jina langu halimo! Nikamwita.

"Nhiên, unanichezea?"

"Hapana, mwalimu. Sekondari tulikuwa tunapewa insha za mfano tukariri, ukibadili neno unakatwa alama. Na hii umeandika wewe. Mimi nani nikurekebishe?"

"Si ungetaja hata jina langu?"

"Msomaji ni wewe, mwalimu. Nilijua utajijua."

Mama Mdogo, sikujua nicheke au nilie. Lakini Bwana Khải, mkuu wa idara, amesikia, na Jumatatu anataka jina la binti ili afukuzwe, wengine washike adabu. Baba yake alilima mpunga, chumvi ilipoingia akachimba mabwawa ya kufugia kamba, na Nhiên ndiye wa kwanza kwao kufika chuo. Nikimtaja nimemzika, nikimficha mimi mwalimu gani? Nifanyeje?

Mwalimu Diễm, Cần Thơ

Diễm mwanangu, pole. Kula kwanza, maana sigombezi mtu mwenye njaa.

Umekula? Haya. Unakiri bila haya kwamba swali ni lile lile kila muhula, halafu unashangaa majibu ni yale yale! Jibu lako linapatikana kwenye kibanda cha kutoa nakala nje ya geti, hata mwenye kibanda analijua. Na huyo binti, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: miaka yote alipigiwa makofi kwa kukariri, leo mnataka kumfukuza kwa jambo hilo hilo.

Nimeitafuta makala yako nikaisoma. Ni nzuri, ila pale unaposema wakulima waliacha mpunga "kwa tamaa ya pesa za haraka", nilichukia. Nhiên anajua baba yake alisukumwa na chumvi. Hata hivyo ameinakili sentensi hiyo, akamtukana mzazi wake kwa mkono wake, kwa kuwa mwalimu kasema. Hilo ndilo linaloniuma, wala si jina lako kukosekana.

Jumatatu nenda kwa Bwana Khải na usimfiche kitu, hata jina. Mwambie kazi hiyo umeipa sifuri na binti anaandika nyingine. Mwambie pia kwamba hukuwahi kuwafundisha kutaja chanzo, uliwakata alama tu. Akisema unawadekeza, mwalike darasani aje aone.

Halafu lile swali litupe. Nhiên aende nyumbani amwulize baba yake alifanya nini siku alipoonja maji ya mfereji akajua mpunga umekwisha. Akuletee kwanza maneno ya baba, uyasome, umrudishie na maswali. Kisha aandike, kisha asimame aulizwe na wenzake. Wengine nao kila mmoja atafute mtu wake wa kumwuliza. Kazi ya namna hiyo kibandani haipo. Na wakiogopa kwamba kutaja mwenye maneno ni kujidhalilisha, waambie ndiyo adabu yenyewe, kama mezani unavyomkaribisha mkubwa kabla hujashika vijiti vya kulia. Wafundishe kwa kuwaonyesha, si kwa kufoka.

Nina imani nao, na wewe pia.

Mwisho, makala yako iweke mbele ya darasa, waambie watafute ulipokosea. Anza na Nhiên. Atakuomba radhi kabla hajasema lolote. Wewe msikilize habari za baba yake mpaka amalize, kisha mbele ya wote shika kalamu uifute ile sentensi ya tamaa.